Sharti la Kumi na Nne na King'ora cha Idete

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Emerensiana Mkopi
Umri: Miaka 31
Kabila: Mpogoro
Dini: Mkristo, RC
Kazi: Mtunzi wa programu za kompyuta
Makazi: Mlabani, Ifakara
Tarehe ya maelezo: 28 Mei, 2025, asubuhi
Mpokea maelezo: Koplo Sada

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu.

Nimeajiriwa na kampuni ndogo yenye ofisi hapa Mlabani. Tupo watatu: mimi, mwenzangu Festo na mkuu wetu Egidius. Tunatengeneza mashine za kuwatahadharisha watu wa bondeni mto unapofurika. Mashine moja ipo Idete, katika chumba kilicho pembeni ya ofisi ya kijiji, na juu ya bati kuna king'ora. Kule mtoni tumefunga kipimo kwenye nguzo. Kinasoma kina cha maji na kutuma taarifa kwa redio hadi kwenye mashine. Anayeisimamia ni Valentino Libenanga, mkulima, aliyechaguliwa na wanakijiji. Ufunguo wa chumba anao yeye.

Mnamo tarehe 14 Mei, 2025, majira ya saa nane mchana, king'ora hicho kililia. Sikuwepo. Niliambiwa kwamba watu walikuwa wanavuna na kuanika mpunga, wakaacha kila kitu wakakimbilia shuleni, ambako kuna mwinuko. Maji hayakuja. Mama mmoja, Brigitha Matimbwa, aliteleza kwenye tuta la shamba akavunjika mkono. Waliporudi walikuta ng'ombe wamekula mpunga ulioanikwa. Ng'ombe hao ni wa Justin, shemeji yake Valentino.

Watu wakaunganisha mambo. Wakasema Valentino alibonyeza king'ora makusudi ili waondoke na shemeji yake alishe mifugo. Wapo waliotaka kumpiga. Mwenyekiti wa kijiji alimleta mwenyewe hapa kituo cha polisi, kwa usalama wake.

Kesho yake asubuhi Koplo Sada alinipigia simu, nikafika kituoni. Nilimkuta Valentino amekaa kwenye benchi, shati limechanika bega. Nilimwamkia. Aliniambia, "Dada, mimi nilikuwa shambani kama wenzangu. Nimekimbia nao."

Mimi na Koplo Sada tulikwenda Idete. Ufunguo Valentino alikuwa amenipa palepale kituoni, mbele ya Koplo. Kwenye mashine kuna kitufe cha kujaribia king'ora, na kila kinapobonyezwa mashine inaweka kumbukumbu. Nilifungua kumbukumbu za siku ile. Kitufe hakikubonyezwa. Sababu ya king'ora kulia ilikuwa imeandikwa kwa ufupi: SH-14.

Koplo Sada aliniuliza maana yake. Nilimjibu ukweli kwamba sikumbuki, ila najua pa kutafuta.

Nilimweleza hivi. Mashine yetu inaongozwa na mfumo endeshi, na ndani yake kuna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinachotangulia kuamka mashine ikiwashwa, na ndicho kinachosimamia programu nyingine zote. Programu ya juu ikikwama, kiini kinaendelea. Kiini hicho kimeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, ni mistari isiyoweza kusomwa yote na mtu mmoja. Sisi tumeongeza sehemu ndogo tu, ile inayozungumza na kipimo cha mtoni. Juu ya kila kipande tulichoandika tunaweka alama: namba ya sharti ambalo kipande hicho kinalitimiza. Sharti lenyewe tunaliandika kwa maneno ya kawaida, pamoja na nani alilitaka na kwa nini. Kisha kompyuta inakokotoa tarakimu kutokana na maneno ya sharti na msimbo wake, yaani maagizo tuliyoiandikia mashine, na kuzihifadhi. Mtu akigusa kimoja, hata herufi moja, tarakimu mpya zinakataa kuoana na zilizohifadhiwa.

Festo amekuwa akilalamika kwamba kazi hii inatuchelewesha. Hata mimi kuna siku nimeifanya kwa kununa.

Nilifungua kompyuta yangu palepale, nikatafuta SH-14, yaani sharti namba kumi na nne, ndani ya kiini. Tarakimu zilioana, kwa hiyo hakuna aliyechezea. Kisha nikamsomea Koplo Sada sharti: "Kipimo kikinyamaza, mashine isisubiri. King'ora kilie." Chini yake paliandikwa kwamba lilitolewa na Brigitha, mkulima wa mpunga, katika mkutano wa kijiji kabla hatujafunga mashine. Sababu: "Mwaka ule kipimo cha zamani kilisombwa kwanza. Kengele ikakaa kimya. Maji yalitukuta shambani, mume wangu akabaki huko."

Koplo Sada aliniomba nirudie kusoma. Nilirudia.

Wakati huohuo Egidius alinipigia. Alikuwa ameshasikia habari za mkono uliovunjika. Akasema, "Hicho kipande kinacholiza king'ora bila maji kitoe. Kitoe leo, kijiji kitulie."

Nilimjibu, "Bosi, kina mwenyewe. Ngoja nikaongee naye."

Tulianza na mtoni. Nguzo ya kipimo ilikuwa imelala na waya umekatika. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za kiboko, kubwa, na njia yake ya kushukia majini imepita pale nguzo iliposimama. Koplo Sada alipiga picha. Kwa hiyo kipimo kilinyamaza kweli, na mashine ikafanya ilichoagizwa.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mama Brigitha. Alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Nilimweleza yote, na kwamba ofisi inataka lile sharti lifutwe. Nilitegemea atakubali, kwa jinsi alivyoumia.

Akasema, "Mwanangu, mkono utaunga. Maneno yale niliyasema mimi, na sijayarudisha. Msiyafute."

Nikamwambia, "Lakini mama, watu wamechoka kukimbia bure."

Akasema, "Basi kilie kwa namna yake. Maji yakija kilie kama siku zote. Kipimo kikifa kilie kwa kukatakata, tupande juu polepole, na mtu akaangalie mto. Na huyo Valentino mwachieni, ana mpunga wa kuvuna."

Nililazimika kugeuka upande nikajifanya naangalia simu.

Alasiri hiyo Valentino aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mwenyekiti aliwaeleza watu habari ya kiboko na ya kumbukumbu za mashine. Justin alikiri kwamba ng'ombe walibaki bila mchungaji kwa kuwa mchungaji naye alikimbia. Tangu siku hiyo amekuwa akiwasaidia kuvuna wale walioliwa mpunga wao.

Egidius alikubali tulirekebishe sharti badala ya kulifuta. Nilipobadilisha maneno yake tu, tarakimu zilikataa kuoana, na kompyuta ikatuzuia kutoa programu mpya hadi msimbo nao upitiwe. Festo ndiye aliyeupitia, mstari kwa mstari. Hakulalamika. Mwenyewe aliandika jina la mama Brigitha tena kwenye sababu.

Tarehe 24 Mei, 2025 tulisimamisha nguzo mpya mbali na njia ya kiboko, tukajaribu milio yote miwili mbele ya wanakijiji. Valentino ndiye aliyechomoa waya wa kipimo ili tusikie mlio wa kukatakata. Watu walisimama wakasikiliza. Mama Brigitha alisema unafanana na mbuzi mwenye kikohozi, watu wakacheka, na Valentino akacheka nao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Sina dai juu ya mtu yeyote katika jambo hili. Niliyoyaona na kuyafanya nimeyaeleza yote, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: E. Mkopi

UTHIBITISHO WA MPOKEA MAELEZO

Mimi Koplo Sada nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi isipokuwa neno moja. Pale juu nilikuwa nimeandika kwamba king'ora "kililia kimakosa". Shahidi ameomba neno "kimakosa" liondolewe. Nimeliondoa, na mimi pia nimeweka sahihi.

Sada, Koplo