Madole ya Buluu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hapa nilipo sijui nicheke au nilie, mimi ni dobi, nafua mashuka ya nyumba za wageni na kuyaanika uwani kwenye jengo tunalopanga, na kila Jumamosi nawakusanya watoto wa jengo, wa miaka mitano hadi minane, nawafundisha kudai haki kwa adabu, kwamba jambo likiwakera wasirushe mawe wala kununa, wakae, wakubaliane, waandike, kila mmoja aweke dole gumba, waende kwa mhusika, na kweli tulikwenda kwa diwani kuhusu mtaro uliooza mbele ya lango, akawapokea, mtaro ukazibuliwa, nikavimba kichwa mtaa mzima.

Basi wiki mbili zilizopita napigiwa hodi, nafungua, watoto kumi na mmoja wamepanga mstari, binti yangu wa miaka sita yuko mbele, ananikabidhi karatasi: "Tunaomba kamba zipungue uwani, hatuna pa kuchezea." Chini yake madole ya buluu, tena buluu yangu mwenyewe ya kufulia, na dole la kwanza ni la binti yangu. Nilipigwa na butwaa, mshauri, mtoto niliyemzaa ananishtaki, nikaichana ile karatasi vipande vipande mbele yao. Hakulia hata mmoja. Binti yangu akaniambia polepole, "Mama, diwani hakuchana yetu." Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekuja Jumamosi, na yeye akinikuta naanika anapita pembeni kama mgeni. Baba yake anacheka tu, eti nimevuna nilichopanda. Bila kamba zile hatuli, na mwanangu ananiogopa. Nifanyeje?

Dobi niliyeduwaa

Mama dobi, pole, sasa acha nikugombeze. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeshtuka kuliko wewe. Mkuki kwa nguruwe, mama! Diwani alipoletewa karatasi ulitaka asikilize, ilipofika zamu yako ukachana. Unadhani binti yako amekusaliti. Angekuchukia, ile buluu angeipaka kwenye mashuka. Alipiga hodi kwa sababu aliamini mama yake husikia.

Sikuambii ukunje kamba zote mlale njaa. Leo hii waite wote kumi na mmoja uwaombe msamaha, usijifungie chumbani na binti yako peke yake, maana uliwachania wote. Na neno "lakini" liache ndani. Kisha upimeni uwanja pamoja, kwa hatua zao. Siku ya jua, mashuka yaliyoanikwa asubuhi huwa yameshakauka ifikapo saa tisa, kwa hiyo wakitoka shule kamba za katikati zishuke, za ukutani zibaki. Siku za mvua waeleze shida yako, nao wajifunze kwamba anayeombwa pia ana tumbo.

Mkishakubaliana, andikeni upya. Safari hii binti yako asitangulie, dole la kwanza liwe lako. Buluu unayo.