Ngata za Wauza Kabichi

Shangazi yangu, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Huku Lushoto baridi inaniuma masikio, na jana niliona jambo.

Wahindu waliotoka Tanga walikuwa wanampandisha mungu wao hekaluni. Sanamu ilikaa juu ya machela yenye miguu minne, imejaa maua, na sharti ni kwamba isitue ardhini njiani. Ikitua, wanarudi bondeni kuanza upya. Kwenye kona kali lori la kabichi kutoka Lukozi likakwama kwenye tope, barabara ikaziba. Wabebaji, watu wa tambarare hao, wakaanza kutetemeka mikono. Vijana wa hapa walitaka kuwapokea, wakaambiwa anayebeba lazima awe amefunga.

"Mngetuambia jana tungefunga," mmoja akasema.

Ndipo akina mama wanne waliojitwika kabichi wakatua mizigo, wakazitoa vichwani ngata zao za majani ya migomba, wakazipanga chini, kila mguu wa machela na ngata yake. Kuhani akazitazama kidogo, akakubali.

Lori liliponasuka, kuhani akaagiza ngata zipelekwe hekaluni, maana sasa ni takatifu. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Baba, mungu wenu keshapumzika. Kabichi zangu bado."

Akarudishiwa. Akajitwika, ua la njano likiwa limenasa kwenye ngata, akapanda mlima mbele ya msafara wote.

Nakukumbuka kila nikishika kikombe cha chai. Na ndoo usijitwike mpaka nirudi, hata kama ngata unayo.

Mwanao,
Zaina