Miwani ya Mama Niliyoikisia

Same,
9 Juni

Kaka yangu Nathanaeli,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Geita na kifua chako kimetulia. Huku tunamshukuru Mungu, ila mimi nimechoka, kaka. Mama amelala hapa chumbani kwangu, mguu juu ya mto. Daktari anasema nyonga iliyovunjika inaunga, ila polepole kwa umri wake.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu kukueleza jambo hili, na mara zote nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha.

Asubuhi namwogesha mama, namgeuza, namnywesha uji, kisha nakimbilia duka la miwani kukata lenzi na kunyoosha fremu za watu. Mchana narudi kumwinua. Hii ni wiki ya saba, na mgongo unaniuma hata nikiwa nimekaa. Mama halalamiki. Anachouliza kila siku ni kwa nini Irine haji kumwona. Nilikuwa namjibu kwamba wifi yuko kwenye shamba la tangawizi. Sikuweza kumwambia kwamba ulimwamuru mkeo arudi kwao Hedaru, kwa kuwa siku mama alipoanguka alikuwa amekwenda sokoni Myamba akamwacha mama peke yake.

Kaka, Irine hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Mwezi wa pili nilimleta mama huku akapimwa macho. Aliandikiwa miwani ya sehemu mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea Biblia. Nilimvalisha fremu mwenyewe, nikakaa mbele yake tukitazamana, nikaweka alama ya kalamu usawa wa kope ya chini, maana mstari wa kugawa lenzi unatakiwa kukaa hapo. Akarudi nyumbani Myamba, kwa Irine. Lenzi zilipofika kutoka Moshi, ile fremu ikanikatikia mkononi. Nikachukua nyingine, nyembamba zaidi, nikakata kwa vipimo vilevile. Nilijua kabisa kwamba fremu ikibadilika mtu hupimwa upya. Lakini wateja walikuwa wengi, na kumteremsha mama tena kutoka mlimani niliona usumbufu. Nikampa dereva wa gari la Myamba ampelekee.

Siku ya tatu mama alipiga simu. Alisema akitazama chini ardhi inamjia usoni, na mawe haoni yanapoishia. Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja wote: "Utazoea, mama." Wiki mbili baadaye akaanguka kwenye ngazi za mawe za kushukia mferejini.

Alipofikishwa hospitali nilimvalisha ile miwani akiwa ameketi. Mstari ulikuwa unapita katikati ya mboni. Kila alipoinamisha macho kutafuta pa kukanyaga, alikuwa anatazama kwa lenzi ya kusomea. Niliivua nikaificha kwenye mkoba. Jioni ile ulipopiga simu ukimfokea Irine, nilikuwepo, na nilinyamaza.

Wiki iliyopita nimempima mama upya, mara mbili, nikamtengenezea nyingine. Kisha nikamweleza yote, na habari ya Irine pia. Aliweka chini kikombe cha uji. Akasema nisianze kumwomba msamaha yeye, nianze na niliyemwacha abebe mzigo wangu.

Jana nikaenda Hedaru. Irine alinipokea vizuri, akanipa chai, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilipomwomba arudi nyumbani alitikisa kichwa. Alisema kusingiziwa hakukumuuma kama kuamuliwa bila kuulizwa hata swali moja. Halafu akaniambia: "Wifi, kosa lako umelileta kwa miguu yako, na mimi nimelipokea. La Nathanaeli usimbebee. Alilete mwenyewe, mbele ya baba yangu."

Nikanywa chai nikaondoka.

Mama anakusalimu sana, na Irine naye ameniuliza kama kifua chako kimepona. Wasalimie wenzako kazini. Nitapokea neno lako lolote, hata likiwa kali, ila kwanza omba ruhusa uje Hedaru.

Ni mimi mdogo wako,
Jesca