Jina Alilotoa Baba Huko Same

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Vudee.

Uji. Kumgeuza Baba. Kufua mashuka. Uji tena. Wiki ya tatu sasa, likizo yangu yote imeishia kwenye beseni. Silalamiki. Hapana, nalalamika. Kaka Yona yuko Same, mwendo wa nusu siku tu, karani wa serikali mwenye viatu vya ngozi jozi mbili, na hajapanda mlima tangu Julai ianze. Ametuma sukari. Sukari!

Baba leo kanitania. Kasema namgeuza kama muhogo jivuni. Halafu akauliza kama dirisha limefungwa, upepo unamfika Mama.

Ni dirisha la nusu kioo. Alipokuwa akifanya kazi ya reli alinunua kioo Tanga, akakiviringisha kwenye blanketi, akakipandisha huku kichwani. Kilifika nusu. Akaipachika hiyo nusu, chini yake akapigilia ubao. Mama husema hakuna mwanamke mwingine Upareni aliyewahi kuletewa nusu ya dirisha.

Jumatano, 5 Agosti.

Amekufa saa sita mchana. Nilikuwa nje naanika shuka lake. Wiki tatu sikubanduka, akaondoka wakati naanika.

Alhamisi, 6 Agosti.

Yona amefika asubuhi. Amelia mlangoni, sawa, nimemwona. Kisha akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Historia ya marehemu, atakayoisoma kesho kaburini. Imepigwa taipu.

Habari za msiba zilimfikia jana jioni, ofisi zimeshafungwa. Alfajiri alikuwa njiani. Kwa hiyo aliipiga Baba akiwa hai! Mimi nambembeleza kwa kijiko, yeye anamzika kwa mashine.

Nusu ukurasa. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, alilima. "Alikuwa mkulima mtulivu aliyeipenda familia yake."

Mtulivu. Baba! Baba aliyekwenda Mombasa kwa miguu kuiona bahari tu, akarudi na maji yake kwenye chupa ili Mama aonje. Baba aliyekamatwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita, akawatoroka karibu na Rufiji kwa sababu alihesabu miezi akajua Mama atajifungua. Alitembea hadi nyayo zikapasuka. Alifika siku nne baada ya mimi kuzaliwa. Waingereza nao walikuwa wakisaka wapagazi, basi akanibeba asubuhi moja, akanirudisha kwa Mama, akaingia msituni. Mwaka mzima Mama alikuta kuni mlangoni kila kulipokucha, na hakumwona aliyezileta.

Na kubwa kuliko yote haimo. Miaka minane iliyopita wanaume wa Upare walishuka kuikataa kodi ile ya mbiru, ya kupimwa kwa mali ya mtu, wakakaa Same uwanjani miezi na miezi. Baba alishapita sabini. Akachukua mkeka wake akashuka. Yona alikuwa ng'ambo ya uwanja huohuo, dirishani mwa ofisi, anaandika. Hakutoka hata siku moja kumpelekea baba yake maji.

Nimemwuliza kwa nini haimo. Hakunitazama.

"Bwana Mkubwa wangu atakuja kesho. Iache hiyo, Nakijwa."

Ndiyo hiyo basi. Anangoja kupandishwa awe karani mkuu. Baba amepunguzwa mpaka atoshe kwenye cheo cha mtoto wake.

Mama kasema mtu azikwe kwanza.

Ijumaa, 7 Agosti.

Tumemzika.

Bwana Mkubwa alipanda kwa miguu, akasimama nyuma, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Mzungu, lakini Kiswahili anakijua vizuri. Yona akasoma nusu ukurasa wake. Mpaka mtu amalize kukohoa, maisha ya Baba yamekwisha.

Mchungaji akafungua kitabu. Nikasema bado.

Kwetu binti hasemi kaburini. Wazee waliguna. Mama alinishika kanga, nikaivuta. Nikasema yote. Chupa ya bahari, Rufiji, kuni mlangoni. Kisha Same. Nikasema Baba alikaa uwanjani mvua na jua pamoja na wanaume wenzake, na sisi tusijifanye hatujui. Nikamnyoshea Yona kidole. Nikasema huyu alikuwa ndani, anamwona baba yake juani, na leo anatuletea mkulima mtulivu.

Wanaume wote walitazama chini. Nilidhani ni aibu kwa ajili ya Yona.

Bwana Mkubwa hakunitazama mimi. Alimtazama Yona, kwa muda. Akavaa kofia akashuka kabla ya chakula. Yona akamfuata nyuma bila kuaga.

Najisikia vizuri. Nimekula sahani mbili za makande. Na aende.

Jumamosi, 8 Agosti.

Amekuja Mzee Mbwambo. Ndiye aliyelala mkeka mmoja na Baba kule Same. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba. Alikaa, akaweka fimbo magotini, akaniambia nisimkatize.

Uwanjani siku moja walipita watu wa serikali kuandika majina. Baba hakutoa jina lake. Alitoa la ukoo wa mama yake, akasema nyumbani kwao ni Chome. Haikuwa woga, alikaa mpaka mwisho kama wengine. Ilikuwa kwa ajili ya Yona. Kama ofisi ingejua mzee yule ni baba wa karani wao, Yona asingekaa kiti kile hata wiki. Baba alimtumia neno: usitoke, usinisalimie, usilete maji.

Mzee anasema Baba alichagua pa kukaa. Palepale panapoonekana dirisha la Yona. Kila jioni dirisha likifungwa Baba alisema, haya, mtoto amemaliza salama.

Wanaume wote wa kwetu walijua.

"Miaka minane mlima mzima umefunga mdomo, mwanangu. Umeufungua wewe."

Nikauliza Yona kwa nini hakuniambia. Kumbe aliapishwa. Baba alisema Nakijwa asijue, ulimi wake hauna mfupa.

Jumapili, 9 Agosti.

Sikwenda kanisani.

Nina hasira na Baba. Alinijia kutoka Rufiji kwa miguu iliyopasuka, kisha akaona siwezi kutunza neno moja. Angeniambia ningenyamaza.

Si kweli. Nisingenyamaza. Ningesema siku ileile, kisimani, kwa majivuno. Alinijua. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nina hasira na serikali inayomfanya mtu akane jina lake ili mwanawe abaki kitini. Nina hasira na Yona kwa kusimama pale akapokea kidole changu usoni asiseme kitu. Angenitukana. Angenizaba kofi. Ningejua pa kuanzia.

Ijumaa, 14 Agosti.

Yona amerudi. Sanduku lake la bati kichwani, viatu vimefungwa kamba shingoni.

Alimweleza Mama jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo, sikuingia. Hakufukuzwa. Bwana Mkubwa alimpa nafasi. Alitakiwa kuandika mistari miwili tu: kwamba yeye, Yona, hakumtambua mzee yule wa uwanjani, wala hakujua kama ni baba yake. Aweke sahihi, kazi iendelee, na cheo pia.

Alikaa mbele ya mashine kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Anasema nusu ukurasa wa maziko aliuandika kwa urahisi, kwa kuwa Baba mwenyewe alimtajia maneno. Kumbe "mtulivu" ni neno la Baba. Lakini ile mistari miwili vidole vilikataa. Akaifunika mashine, akarudisha funguo.

Mama aliuliza kama amekula.

Nilitaka kuomba radhi. Nikaenda kuteka maji mara ya pili, na mtungi ulikuwa umejaa.

Jumanne, 18 Agosti.

Baragumu la msaragambo limelia mapema. Kazi ya wote leo, kuzoa matope ya ndiva, bwawa letu, ili maji ya mashamba yakae. Nyumba isiyotoa mtu hukosa zamu yake ya maji.

Yona alichukua jembe la Baba. Hakuniamsha, nilikuwa macho. Nilimtazama kupitia nusu ya kioo mpaka akashuka bondeni.

Saa sita nimempelekea makande. Viganja vyake vimetoka malengelenge. Nilisema nisamehe. Alisema weka chakula chini, kitapoa. Akanisogezea nafasi kwenye jiwe, tukala bakuli moja.

Baada ya chakula mzee wa ndiva akaita nyumba moja moja, kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Alipofika kwetu akaita jina la Baba, kwa mazoea. Jina lake lenyewe, lote.

Yona akaitika, "Nipo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaita nyumba inayofuata.