Maji ya Kaburi la Mama

Sagalla, Jumanne, Machi 1979

Wala sikumshukuru. Mwanangu Mwakio alipanda leo kutoka Voi na pipa na mifereji ya mabati, akavifunga vyote chini ya paa langu. "Mvua ikinyesha, Baba, utachota mlangoni. Kazi yako itabaki kukohoa tu!"

Mama aliniomba pipa kama hili nilipokuwa karani Voi. "Mwaka ujao, Mama," nilimjibu kila mara. Akaendelea kuteremka kisimani na mtungi, mgongo umepinda.

Alipofariki nilikodi lori la maji ili fundi akoroge saruji ya kaburi lake. Mlima mzima ulinisifu. Maji yaliyobaki tuliyamwaga.

"Nimejifunza kwako," Mwakio akasema. "Nani mwingine hapa amemjengea mama yake kaburi kama lile?"

Nilitaka kunyamaza. Siku zangu ni chache, na sifa hiyo ni tamu. Lakini nikamweleza yote.

Alikaza tena waya wa mfereji uliokuwa umekazwa tayari. Kisha akauliza, polepole, "Na wewe, Baba, unataka nini kingine?"

Niliomba uji tu. Swali hilo mimi sikumwuliza Mama hata siku moja.