Kiwiko cha Ekzosi

Knysna, Jumapili baada ya kanisa

Mkwe wangu Charnelle,

Sisi wazima, na nasema wazima kwa maana yake yote. Samaki wamekauka vizuri, nimekuwekea wawili wanono.

Sasa, la boti. Mumeo Denzil alifungua ekzosi abadilishe bomba la mpira. Alipobandua kitambaa kinachozuia joto, kidole chake kikazama kwenye kile kiwiko cha chuma, bomba lililopinda, pale kabla maji ya bahari hayajaingia kupoza moshi. Kutu imekifanya laini kama biskuti. Akakaa sakafuni.

Unakumbuka siku ile injini ikiunguruma, ulipolalamika kichwa kinakuuma, alivyokutania? "Boti imefungwa gatini, haitikisiki, bahari inakulevyaje wewe? Maji si yanatoka nyuma? Injini nzima hiyo."

Hapa kila mtu huchungulia maji ya kupoza yakitoka nyuma, akiyaona anaridhika kwamba injini ni salama. Na yalikuwa yakitoka kweli. Moshi nao ulikuwa ukiingia kwenye chumba cha boti nilimolala mchana ule, na harufu ya dizeli tulishaizoea.

Ukanishika mkono. "Mama, inuka, tutoke." Nikakuita mwanamke wa makelele mbele ya majirani, nawe ukanivuta tu hadi gatini, ukanivisha na viatu. Ahsante, mwanangu.

Denzil haniambii, lakini najua kwa nini uko kwenu tangu siku ile tulipokudharau.

Ameshafunga kiwiko kipya, na kengele inayolia ikinusa gesi ya sumu ya moshi, juu ya mto wangu. Anaijaribu kila akipita. Mimi nakiamini zaidi kichwa chako. Rudi nacho.

Mama yako wa botini,
Sarie