Herufi A Chini ya Kishikio: Kikao cha Kuthamini Bastola ya Bi. Marlys Brandvold

CHAMA CHA WAKUSANYAJI WA SILAHA ZA KALE, LEWISTOWN, MONTANA
Kikao cha Kamati ya Uthamini, Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, chumba cha nyuma cha ukumbi wa chama

WALIOHUDHURIA
Bw. Duane Kettleson – Mwenyekiti
Bw. Emmett Skaar – Mthamini
Bi. Ardis Hovland – Mthamini
Bi. Rosalind Pruett – Katibu

MWALIKWA
Bi. Marlys Brandvold – mwenye bastola, mdogo wake Bi. Ardis

HAKUHUDHURIA
Bw. Loren Fitch – Mweka Hazina (udhuru: ng'ombe wake wanazaa)

KUMB. NA. 1/3/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika kumi mchana, baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba bastola haina risasi. Alimwuliza Bi. Ardis kama angependa kukaa pembeni, kwa kuwa mali ni ya mdogo wake. Bi. Ardis alijibu kwamba chama kina wathamini wawili tu, na yeye ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa bila kulalamikiwa. Bi. Marlys alisema hana pingamizi, kwa kuwa hakuna mtu aliyeikodolea macho bastola ile kwa muda mrefu kuliko dada yake.

KUMB. NA. 2/3/2019: HISTORIA YA BASTOLA
Bi. Marlys alieleza kwamba bastola ni Wexcombe Na. 9 ya kulengea shabaha, na kwamba marehemu baba yao, Bw. Orville Hovland, aliinunua mpya mwaka 1958, miaka mitatu kabla kiwanda hakijaacha kuitengeneza. Mwaka 1964, yeye Bi. Marlys akiwa na miaka kumi na miwili, alimshinda dada yake wa miaka kumi na minne kwa pointi mbili katika mashindano ya vijana ya wilaya. Jioni ile ile baba alimkabidhi bastola mezani, wakati wa chakula. Sasa anataka kuiuza kwenye maonyesho ya Aprili, kwa kuwa hana mtoto anayelenga shabaha.

Bi. Ardis aliomba iandikwe kwamba ilikuwa pointi moja. Bi. Marlys aliomba iandikwe kwamba aliyeshindwa ndiye anayekumbuka hesabu. Katibu ameandika yote mawili.

KUMB. NA. 3/3/2019: HALI YA BASTOLA
Bw. Skaar aliripoti kwamba rangi ni ile ile ya kiwandani, namba zote zinalingana, na sanduku la awali lipo pamoja na karatasi yake ya maelezo. Alikadiria dola elfu mbili na mia sita. Mwenyekiti, ambaye anayo Na. 9 isiyo na sanduku, alisema watu siku hizi wanayathamini mno masanduku.

Bw. Skaar alipofungua skrubu na kuvitoa vishikio, vile vibao viwili vya mpini, aliona herufi A kwenye chuma kilichofichwa chini yake, upande wa kushoto. Alieleza kwamba amewahi kusikia kuwa wakaguzi wa kiwanda walizichagua bastola chache bora na kuziwekea alama kwa mkono. Kama hii ni mojawapo, alisema, basi haiuzwi chini ya dola elfu saba. Mwenyekiti aliomba kioo cha kukuzia, akaitazama alama kwa dakika nyingi, kisha akasema ameishi na yake miaka ishirini na miwili na hajawahi kusikia habari hiyo. Bw. Skaar alimwuliza kama yake ina A. Mwenyekiti aliomba kikao kiendelee na ajenda.

Bi. Marlys alicheka, akasema baba alijua anampa nani kitu kizuri.

KUMB. NA. 4/3/2019: KAULI YA BI. ARDIS
Bi. Ardis, ambaye hadi hapo hakuwa ameigusa bastola, alisema hiyo si alama ya mkaguzi.

"Ni mimi. Niliichora kwa msumari, wiki ile ile aliyopewa bastola."

Bw. Skaar alisema mwandiko ni mzuri mno kwa msumari. Bi. Ardis alichukua kalamu ya Katibu na kuandika A kwenye karatasi ya ajenda. Wajumbe walilinganisha. Mguu wa kulia wa herufi ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, kwenye karatasi na kwenye chuma. (Karatasi imeambatishwa.)

Bi. Marlys aliuliza, "Miaka hamsini na mitano umekaa kimya, dada. Ukasubiri nifike elfu saba?"

Bi. Ardis alisema yeye ni mthamini na hawezi kutia saini uongo. Bi. Marlys alisema uthamini usisingiziwe. Kama ingekuwa bastola ya mtu mwingine, dada yake angesema kwa huzuni, na leo hakumwona na huzuni. Bi. Ardis alikiri kwamba hilo ni kweli.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini aliichora mahali pasipoonekana.

"Sikutaka aione. Nilitaka iwe yangu hata ikikaa kwake."

Bi. Marlys alisema asingeweza kuiona kamwe, maana hajawahi kufungua vishikio vile. Aliyeisafisha kila majira ya baridi, hadi alipofariki mwaka 1982, alikuwa baba.

Bi. Ardis aliuliza kama baba alikuwa akivifungua vishikio. Bi. Marlys alijibu kwamba alifungua kila skrubu. Bi. Ardis alisema baba hakuwahi kumwambia neno kuhusu herufi hiyo. Bi. Marlys alisema hata yeye hakuambiwa.

Kikao kilisimama kwa dakika kumi. Katibu aligawa kahawa na mikate ya mdalasini. Bi. Ardis hakula.

KUMB. NA. 5/3/2019: THAMANI NA CHETI
Bw. Skaar alipendekeza dola elfu mbili na mia tatu, kwa sababu ya mchoro. Mwenyekiti aliunga mkono kabla Bw. Skaar hajamaliza kusema. Bi. Ardis hakupiga kura. Imepita kwa kura ya Bw. Skaar.

Bi. Marlys alidai cheti cha uthamini kisiandikwe "alama ya mmiliki", kwa kuwa aliyechora hakuwa mmiliki. Ilikubaliwa kiandikwe: "Herufi A, imechorwa na Ardis Hovland, dada wa mmiliki, 1964." Bi. Ardis alitia saini.

KUMB. NA. 6/3/2019: MAUZO
Bi. Ardis alitaka kuinunua kwa bei hiyo, taslimu. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kanuni inamkataza mthamini kununua alichokithamini, akaongeza kwamba yeye Mwenyekiti hakupiga kura na hana kizuizi. Bi. Marlys alirudisha bastola sandukuni, akasema haiuzwi tena kwa yeyote.

"Itakaa kwangu. Mmoja wetu akifa, atakayebaki aichukue. Na mimi ndiye mdogo."

Bi. Ardis alijibu, "Mama alifika tisini na sita, na wote mnasema nimefanana naye."

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi kasoro robo. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, na akina dada hao walikuwa wamekuja kwa gari moja. Waliondoka kwa gari hilo hilo, Bi. Ardis akiendesha, sanduku likiwa kwenye magoti ya Bi. Marlys.

Kumbukumbu hizi zimethibitishwa kuwa sahihi:

D. Kettleson, Mwenyekiti
R. Pruett, Katibu